Sura ya 6: Balozi Mmoja, Serikali 27

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 2009, ofisi zaidi ya 130 zilizotapakaa duniani zilibadilika bila kuhamisha hata meza. Hadi jana yake zilikuwa ofisi za Tume ya Ulaya, na wakazi wa Dar es Salaam au Nairobi walizijua zaidi kwa fedha za barabara na miradi ya maji kuliko kwa siasa. Mkataba wa Lisbon ulipoanza kutumika, zikawa ofisi za kibalozi za Umoja wa Ulaya mzima. Kubadili kibao cha mlangoni kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuamua nani angekaa ndani, na angetii amri ya nani.

Msemaji wa mambo ya nje Umoja ulikuwa naye tangu 1999: Javier Solana, Mhispania aliyetoka kuwa Katibu Mkuu wa NATO. Lakini Solana alikaa upande wa Baraza la Mawaziri, wakati fungu nono la misaada lilikuwa mikononi mwa Tume, ng'ambo ya barabara hapo hapo Brussels. Lisbon ikamvisha mtu mmoja kofia zote mbili: aongoze vikao vya mawaziri wa nje, na papo hapo awe makamu wa rais wa Tume. Wa kwanza kuzivaa alikuwa Catherine Ashton wa Uingereza.

Mkataba ulimwahidi idara ya kumsaidia, ukataja wafanyakazi watoke wapi (Tume, sekretarieti ya Baraza, na wizara za nchi wanachama), kisha ukanyamaza. Mengine yangeamuliwa na Baraza kwa pendekezo la Ashton, Tume ikiridhia na Bunge la Ulaya likiulizwa maoni tu. Kuulizwa maoni si nguvu kubwa. Ila bajeti ya idara na kanuni za utumishi wake zilihitaji kura ya Bunge, na idara isiyo na mishahara ni karatasi. Wabunge watatu, Elmar Brok, Guy Verhofstadt na Roberto Gualtieri, waliitumia karata hiyo vilivyo, wakaketi mezani kama wenye shughuli. Maafikiano yalipatikana Madrid Juni 2010, na Baraza likapitisha uamuzi wake tarehe 26 Julai.

Uamuzi huo ukiusoma polepole unaona hofu ya kila upande imeandikwa kwa tarakimu. Angalau theluthi moja ya maofisa watoke wizara za nchi wanachama: hiyo ni hofu ya serikali kumezwa na watumishi wa Brussels. Watumishi wa kudumu wa Umoja wasipungue asilimia 60: hiyo ni hofu ya Bunge kwamba wizara kubwa zingeigeuza idara tawi lao. Na hofu hizo hazikuwa za bure. Februari mwaka huo huo, kabla idara haijazaliwa, rais wa Tume José Manuel Barroso alikuwa amekwisha kumteua João Vale de Almeida, aliyekuwa mkuu wa ofisi yake, awe balozi Washington. Serikali kadhaa zilinung'unika, lakini kiti kilikuwa kimekaliwa.

Kwenye fedha ndiko fundo lilikokazwa zaidi. Idara mpya ilipewa kushiriki kupanga nchi ipi isaidiwe na kwa lengo gani, lakini makamishna wakabaki na dhamana, na Tume ikabaki na kalamu ya mwisho. Ndani ya ubalozi mmoja wakawa wanakaa watu wa idara na watu wa Tume, kila kundi na bajeti yake. Balozi alipokea maelekezo ya Ashton, na Tume nayo iliruhusiwa kumwelekeza katika mambo yaliyo chini yake. Kanuni za fedha zilimbana kiasi kwamba mtu aliyetumwa kuzungumzia vita na amani alijikuta akiidhinisha mwenyewe malipo ya kawaida ya ofisi. Nadhani hakuna wizara ya nje popote ambayo ingekubali kuanzishwa hivyo.

Hata hivyo kuna badiliko moja ambalo halitajwi sana, nami nalihesabu kubwa kuliko mengine. Zamani vikao vya mabalozi wa Ulaya katika mji mkuu wowote viliongozwa na balozi wa nchi yenye zamu ya urais, na zamu ilibadilika kila miezi 6. Sasa mwenyekiti ni balozi wa Umoja wa Ulaya, yule yule mwaka hadi mwaka, anayekumbuka kilichoahidiwa msimu uliopita. Novemba 2018, balozi huyo nchini Tanzania, Roeland van de Geer, alipoitwa kutoka Dar es Salaam kwa mashauriano, na ilipotangazwa kwamba uhusiano na Tanzania utapitiwa upya, tangazo lilitoka kwa jina la Umoja, si la nchi iliyokuwa zamuni.

Umoja wa Mataifa haukuupokea Umoja wa Ulaya kwa haraka. Jaribio la kwanza la kupata haki ya kuzungumza katika Baraza Kuu liliahirishwa Septemba 2010, nchi za Karibi zikiwa miongoni mwa zilizouliza kwa nini klabu moja ipewe upendeleo. Azimio lilipita Mei 2011 kwa kura 180, Syria na Zimbabwe zikijizuia. Umoja wa Ulaya ulipewa kuzungumza, haukupewa kura. Jumuiya nyingine za kikanda zenye hadhi ya mwangalizi nazo ziliachiwa mlango, mradi wanachama wake wakubaliane nani awasemee.

Kukubaliana ndiko kunakoisumbua idara hii hadi leo, kwa sababu sera ya nje ya Umoja huhitaji kauli moja ya wanachama wote, na kura ya turufu hakuna aliyeisalimisha. Juni 2017 taarifa ya Umoja kuhusu haki za binadamu nchini China ilitarajiwa kusomwa mbele ya Baraza la Haki za Binadamu, Geneva. Ugiriki ikakataa, na haikusomwa. Mwaka mmoja nyuma, COSCO, kampuni ya serikali ya China, ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya hisa za bandari ya Piraeus.