Mtoto Aliyefunguliwa Njia Tumboni

Mama, watoto wengine wanazaliwa bila tundu la haja kubwa. Munganga anapasua tumbo, anatoa sehemu ya utumbo inje, na mavi yanapita pale. Si ulozi, na si kosa lako. Mara nyingi njia hii ni ya muda tu: kisha miezi kadhaa munganga anatengeneza tundu la kweli, halafu anafunga ile ya tumboni.

Utaona nyama nyekundu, yenye maji maji. Ukiigusa, haiumi. Ikitoka damu kidogo wakati wa kuosha, usiogope.

Kila mara mavi yakitoka, osha na maji safi na sabuni, panguza polepole, kausha ngozi, paka vazelini pembeni, kisha funika na kitambaa safi na laini. Hauna mfuko? Kitambaa kinatosha. Endelea kunyonyesha. Chanjo pia usiache.

Rudi upesi kama nyama imekuwa nyeusi, kama utumbo unatoka mrefu, kama mtoto anahara sana, ama anatapika, tumbo limevimba na mavi hayatoki.

Wamama wengine wanaficha mtoto nyumbani sababu ya haya. Usifanye vile. Siku ya kupimisha watoto, uliza munganga akuonyeshe mama aliyepita njia hii. Ukae naye. Atafungua kitambaa cha mtoto wake, utaona mikono yake haitetemeki. Siku ya kwanza ilitetemeka kama yako. Kesho wewe utafundisha mwingine.