Nomar Garciaparra: nyota wa Boston aliyeondoshwa miezi mitatu kabla ya ubingwa

Katika mchezo wa besiboli hakuna mlinzi mwenye kazi ngumu uwanjani kuliko yule anayesimama baina ya kituo cha pili na cha tatu. Wamarekani humwita shotistopu. Kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, mipira mingi ya chini huelekea upande wake, naye hulazimika kuidaka akiwa mbioni, kugeuka, na kuirusha hadi kituo cha kwanza kabla mpigaji hajamaliza mita 27 za kukifikia. Kwa miaka mingi klabu zilimvumilia mchezaji wa nafasi hiyo hata alipokuwa hodari wa kudaka tu na dhaifu wa kupiga.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu waliigeuza desturi hiyo. Walikuwa Derek Jeter wa New York Yankees, Alex Rodriguez wa Seattle Mariners, na Nomar Garciaparra wa Boston Red Sox. Wakati huo mabishano ya nani bora miongoni mwao hayakuwa na mwisho, na wengi walimtaja Garciaparra.

Mzaliwa huyo wa California, mwenye asili ya Mexico, alipewa jina la baba yake, Ramon, likiwa limesomwa kinyumenyume. Mwaka 1997, msimu wake kamili wa kwanza, alipiga mipira 30 iliyovuka uzio na akachaguliwa kwa kauli moja kuwa mchezaji bora chipukizi wa ligi ya American. Mwaka 1999 aliongoza ligi hiyo kwa wastani wa kupiga. Mwaka 2000 akaongoza tena, safari hii akifaulu zaidi ya mara 37 katika kila nafasi 100. Mpigaji anayefaulu mara 30 tayari huhesabiwa kuwa hodari, na tangu Joe DiMaggio mwaka 1939 hakuna mpigaji wa mkono wa kulia katika ligi hiyo aliyekuwa amefika kiwango hicho. Watoto wa Boston waliiga hata mazoea yake ya kukaza glavu na kugongagonga vidole vya miguu ardhini kabla ya kila mpira.

Lakini dosari ilikuwa imekwishaingia. Mnamo Septemba 1999, mpira uliorushwa na Al Reyes wa Baltimore ulimpiga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Aliendelea kucheza, na maajabu ya mwaka 2000 yaliwafanya wengi waamini kwamba amepona. Hakuwa amepona. Mwaka 2001 alifanyiwa upasuaji, akacheza mechi 21 pekee. Aliporejea alikuwa bado mchezaji mzuri sana, ila wastani wake haukukaribia tena ule wa awali kwa msimu mzima.

Desemba 2003 viongozi wa klabu walijaribu kumleta Rodriguez achukue nafasi yake. Mpango huo ulivunjika baada ya chama cha wachezaji kupinga kupunguzwa kwa mshahara wa Rodriguez, lakini Garciaparra alikuwa amekwishajua kwamba anaweza kuachwa. Msimu wa 2004 ulipoanza alikuwa nje kwa maumivu ya kisigino. Tarehe 1 Julai, Boston ilipocheza na Yankees, Jeter alidaka mpira kwa kasi hata akaangukia kwenye viti vya watazamaji na kutoka na damu usoni. Garciaparra alikuwa ameketi benchi. Picha hizo mbili ziliwekwa pamoja na mashabiki, labda bila haki, kwani mmoja wao alikuwa mgonjwa.

Tarehe 31 Julai, meneja mkuu Theo Epstein, akitaka ulinzi ulio imara zaidi, alimpeleka Chicago Cubs. Mnamo Oktoba 27, Boston ilitwaa ubingwa wa World Series, wa kwanza tangu mwaka 1918. Mtu aliyeibeba timu kwa miaka saba hakuwamo.

Huko Chicago, Aprili 2005, alichanika msuli wa kinena. Mwaka 2006 alihamia Los Angeles Dodgers na kuwekwa kwenye kituo cha kwanza, mahali pasipohitaji mbio nyingi, na huko alipata tena msimu mzuri. Baada ya hapo majeraha hayakumpa nafasi. Julai 2009 aliingia uwanja wa Fenway akiwa na jezi ya Oakland, na watu wa Boston wakasimama wakimshangilia kwa muda mrefu. Machi 2010 klabu yake ya zamani ilimpa mkataba wa siku moja, akastaafu akiwa mchezaji wa Red Sox.

Mwaka 2016 alipata asilimia 1.8 tu ya kura za kuingia katika jumba la wachezaji mashuhuri huko Cooperstown, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya wagombea. Miaka minne baadaye Jeter aliingia, akikosa kura moja tu kati ya 397.