Nani Ameandika Habari za Msikiti Wetu?

Tukiwa Ulemo, wilayani Iramba mkoani Singida, tulimsikia kijana mmoja baada ya Swala ya Ijumaa akiwauliza wazee: msikiti huu ulianza lini, na ni nani aliyeswalisha mwanzo? Wazee wawili walitoa majibu mawili. Hapakuwa na hata karatasi moja ya kuwasuluhisha.

Tuliwakumbuka wanazuoni wa tarehe wa zama za kale. Imam At-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, alizitaja habari pamoja na majina ya waliozipokeza, na zilipopingana aliziweka zote. Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, alisafiri mwenyewe hadi pwani yetu, katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wataalamu wengi hukidhania kuwa Pemba. Safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria. Ameeleza jinsi pembe za ndovu zilivyopelekwa Oman, na kutoka huko India na China. Majina ya waliowawinda ndovu hao hakuyataja.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Kilwa. Mwanzoni mwa karne ya 16, baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505, iliandikwa kwa Kiarabu tarehe ya masultani wake, iitwayo Kitab as-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Mwandishi, ambaye jina lake halikutufikia, aliahidi milango kumi. Tuliyo nayo ni saba. Na hiyo saba tunayo kwa sababu nakala moja ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, ikahifadhiwa London. Lau nakala hiyo ingeliwa na mchwa!

Mreno João de Barros naye alichapisha habari za masultani hao mwaka 1552, na orodha yake haiafikiani kikamilifu na ile ya Kiarabu. Hata hivyo, kwa kuwa zote mbili zimeandikwa, wataalamu wameweza kuzilinganisha, na kuzipima kwa sarafu zilizofukuliwa Kilwa.

Kijana wetu wa Ulemo alirudi Ijumaa iliyofuata na daftari la shule. Akawaketisha wazee wote wawili, akaandika jibu la kila mmoja, jina lake, na jina la aliyemsimulia.