Mahindi ya Jirani

Reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1928, hupita Isaka katika Mkoa wa Shinyanga. Hapo mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa katika mabehewa, ikapakiwa katika malori.

Mwisho wa Aprili mwaka 1994, watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakaingia Ngara. Hawakuwa na chakula ila kile kidogo walichojitwika. Ilipasa walishwe upesi. Chakula kingi kililetwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, kikapelekwa kwa gari la moshi hata Isaka, kisha malori yakakichukua kwa njia ya Kahama na Ushirombo. Fikiri jambo hili, mwanafunzi: nafaka ya ng'ambo ilipita kando ya mashamba ya mahindi!

Kwa nini itoke mbali hivyo? Sababu moja ni sheria. Mwaka 1954 Marekani ilifanya sheria ya kupeleka mavuno yaliyozidi ya wakulima wake kwa wenye njaa wa nchi nyingine. Basi msaada ule ulimfaa na mkulima wa kule. Si jambo la kulaumu. Lakini safari ya meli hula miezi, na tumbo halingoji meli. Tena chakula cha bure kikiwa kingi karibu na soko, bei ya mkulima wa hapa huanguka.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lililoanzishwa mwaka 1961, liliona haya. Mwaka 2008 likaanza mpango wa kununua kwa wakulima wadogo katika nchi 20, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Mkulima mmoja mwenye magunia matano hawezi kulisha kambi. Kwa hiyo wakulima hujiunga katika chama, wakakusanya nafaka yao katika ghala moja.

Lakini si kila nafaka hupokewa. Mahindi mabichi yakiwekwa ghalani huota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mnaweza kufanya jaribio hili nyumbani. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hata thuluthi yake, na chumvi kavu kijiko kimoja. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kiooni, mahindi yangali na maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, wala si juu ya udongo. Mnunuzi ana chombo chake cha kupimia, naye hukataa mahindi ambayo maji yake yamezidi sehemu 13 na nusu katika 100.

Liko na tatizo la fedha. Chama hungoja malipo majuma kadhaa baada ya kupima magunia. Wakati huo mchuuzi awauziaye chakula wachimbaji wa dhahabu wa Geita hufika mlangoni na noti mkononi. Bei yake huenda ikawa ndogo, lakini mtoto anadaiwa sare, na mama ni mgonjwa. Ndiyo maana vyama vingine vilivyoahidi magunia mengi vilileta machache.