Homa ya ini C: sindano moja, watu wengi

Unakijua kichocho, sivyo? Ugonjwa ule wa kukojoa damu. Huko Misri, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, serikali ilikitibu kwa kuwachoma watu sindano. Shida ni kwamba sindano ileile ilipita kwa wengi bila kuchemshwa vizuri. Virusi vya homa ya ini C vikasambaa kupitia damu.

Mwaka 2008 walipimwa watu wa miaka 15 hadi 59. Karibu 1 kati ya 10 alikuwa navyo! Wengi walijiona wazima kabisa, kwani virusi hivi hula ini polepole, hata miaka 20.

Na mama mjamzito je? Kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, kama 5 au 6 huambukizwa.

Chanjo hakuna. Lakini vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100.

Kwa hiyo usichangie wembe wala sindano. Ukienda kuchomwa, hakikisha sindano inatolewa kwenye pakiti mpya. Na kumbuka: sura haisemi kitu, kipimo ni damu.