Kusimulia Shule kwa Lugha ya Alama: Kitenzi "Kusoma" na Kazi ya Mkalimani

Katika Kiswahili, kitenzi "kusoma" kina maana mbili ambazo kwa kawaida hazigongani: kufahamu maandishi na kupata elimu shuleni. Asemaye "nilisoma Tengeru" hukusudia ya pili, na msikilizaji huichukulia ya kwanza kuwa imo ndani yake. Kwa kiziwi wa jijini Arusha au wa vijiji vya Mlima Meru anayesimulia shule yake kwa Lugha ya Alama Tanzania (LAT), maana hizo huweza kuachana kabisa. Yawezekana alikaa darasani miaka saba bila kuelewa kilichosemwa humo.

Chanzo chake ni cha kihistoria. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Msimamo uliopitishwa na mkutano wa Milan mwaka 1880, kwamba kiziwi afunzwe kutamka na kusoma midomo, ulikuwa bado na nguvu katika elimu ya viziwi. Pale mikono ilipozuiwa darasani, alama zilikulia bwenini na uwanjani. Tena, kwa kuwa shule zilikuwa mbalimbali, alama nazo zilitofautiana, hata mikono ya msimulizi huweza kufichua alikosoma kabla hajaitaja shule. Jambo hili halitamshangaza anayejua lahaja za Mvita na Unguja.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika sarufi. Kiswahili husema "alinifundisha", kiambishi -ni- kikimwonyesha mtendwa. Lugha za alama kwa jumla huugawa uwanja ulio mbele ya mwili: mwalimu hupewa mahali pake, mtoto pake, na kitenzi huweza kusafiri kati yao. Msimulizi huweza pia kuuvaa uhusika, akawa mwalimu ambaye midomo yake inakwenda mbio, kisha akawa mtoto aliyekodoa macho. Hapo hakuna alama hata moja yenye maana ya "sikuelewa". Kutoelewa kumo usoni.

Mkalimani afanyeje? Akisema "mwalimu alinifundisha", amekosea, ingawa kitenzi kipo. Akisema "sikuelewa", ametoa hukumu ambayo msimulizi aliiachia mtazamaji. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni ndefu: "mwalimu akisema, nami nikimtazama mdomo". Kiambishi -ki- huendeleza matendo mawili sambamba bila kudai kwamba moja lilifika kwa jingine.

Katika usaili wa kazi, uchaguzi huo si wa mapambo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya elimu na ya ajira, na Chuo cha Ualimu Patandi, hapo Tengeru, huandaa walimu wa elimu maalumu. Lakini msaili huandika asikiacho kwa mkalimani. "Nilisoma hadi darasa la saba" humfanya kiziwi aulizwe kwa nini basi hajui kuandika barua. "Nilipelekwa shule miaka saba" huligeuza swali likaielekea shule.