Ndugu dereva wa pikipiki, umelitazama tairi lako?

Mama mwenye uchungu wa kuzaa akipanda pikipiki yako usiku, hatauliza hali ya tairi. Litazame wewe asubuhi, likiwa bado la baridi, maana tairi lililopata joto hudanganya kipimo cha upepo. Tairi kipara halishiki njia yenye tope. Likipasuka ubavuni, kiraka hakifai, libadilishe.

Ukiosha pikipiki, kaa mbali na bomba na kisima. Oili ikiingia humo tunainywa sote.

Na tairi kuukuu usilitupe nyuma ya nyumba. Watoto kulichezea si shida; shida ni maji ya mvua. Yakituama ndani siku 7 hadi 10, mbu huwa wamekua na kuruka. Litoboe matundu, au liweke chini ya paa.